Hodi ya Chumba cha Maiti

Mzee anayetunza chumba cha maiti, katika ile hospitali ya nyuma ya soko la Kalerwe, hafungui mlango bila kubisha. Hugonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, husema "Hodi" kwa sauti ya mgeni mwenye adabu, hungoja kidogo, ndipo atie ufunguo. Tangu asubuhi Maimunah alikuwa amemwona akifanya hivyo mara nne, na kila mara mwili ulimsisimka. Mama yake alikuwa humo ndani. Daktari wa kutia saini angekuja kesho, na bila saini maiti haitoki.

"Mzee, niruhusu hata nimwoshe tu."

Mzee alipangusa kwenye koti mikono yake inayonuka dawa. "Dada, sisi Wajaluo tunakaa na maiti wetu hata wiki, asione kama tunamfukuza. Ninyi Waislamu mbona haraka?"

"Kumchelewesha ni kumnyima haki yake."

"Kumbe sote tunaogopa kumkosea."

Alilitazama tangazo la ukutani, kwamba asiye mfanyakazi haruhusiwi kuingia. Kisha akaleta ndoo ya maji, akamwingiza Maimunah na sanda aliyokuja nayo, akamfungia kwa nje wakubwa wasijue.

Maimunah alimwosha mama yake, asithubutu kugeuka kuwatazama wale wengine waliofunikwa shuka. Alipomaliza kumvika sanda, mlango uligongwa mara tatu.

"Hodi."

Alijibu upesi, asije akatanguliwa na mwingine: "Karibu."