Nyumba ya Macalder Niliyosema Ipo

Nilikuwa na miaka arobaini na minne nilipotolewa stoo ya jikoni na kuwekwa kwenye dawati la wageni, katika hoteli ya kifahari ya ufukweni, upande wa Homa Bay. Kazi yenyewe ni kumtafutia mgeni chochote asichokipata chumbani mwake: mashua, daktari, fundi wa miwani, kanisa la dhehebu lake. Sikuwa na cheti cha chuo. Nilijifunza kwa vitabu ambavyo wageni waliviacha, na kwa kwenda mwenyewe, siku zangu za mapumziko, mahali walipopenda kuulizia. Meneja, mwanamke kutoka Nairobi niliyemzidi umri kwa miaka kumi na mitano, alinipa miezi mitatu ya majaribio. Tukishindwana, alisema bila ubaya, angeajiri mtu wa chuo.

Mwezi wa pili akaja bibi mmoja Mwingereza, wa miaka sabini na kitu. Alizaliwa Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu, wakati baba yake akiwa fundi wa mgodi, akaondoka akiwa na miaka saba. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha umri huo.

"Mimi nataka ona nyumba yetu," aliniambia. "Iko?"

Nilimpigia simu shemeji yangu, mume wa dada, anayechimba dhahabu huko. Nikamweleza kama bibi alivyonieleza: nyumba ya matofali, mlimani kidogo, veranda pande mbili.

"Hiyo naijua, omera, ndugu yangu. Mlete tu."

"Kwa hivyo iko?"

"Si nimesema mlete? Mama afike, akaribishwe."

Nikasikia nilichotaka kusikia. Nikamwambia mgeni kwamba nyumba ipo, nikamwandikia gari.

Alirudi jioni akapita dawati langu bila kunitazama. Dereva ndiye aliyenieleza. Shemeji alimkalisha vizuri, dada akapika kuku, wakaomba, wakala. Mgeni alipokwisha kunawa mikono ndipo shemeji alipomwambia, polepole, kwamba nyumba ilibomolewa zamani na mahali pake pamechimbwa mashimo. Kwetu habari mbaya hutolewa hivyo. Haipelekwi kwa simu, wala hapewi mtu mwenye njaa. Nimekulia katika desturi hiyo, na nilipaswa kuitambua ndani ya lile "mlete". Shemeji hakunidanganya hata neno moja. Mimi ndiye niliyeuchukua ukarimu wake nikaufanya jibu.

Meneja aliniita ofisini.

"Uliiona hiyo nyumba?"

"Hapana."

"Na ukasema ipo."

"Nilisema."

"Amebakisha siku nne. Usimpeleke popote tena bila kuniambia. Akiondoka hivi alivyo, unarudi stoo."

Niliomba ruhusa ya siku moja, nikaenda Macalder. Shemeji aliponiona alipaza sauti kwa utani, "Leo polisi wamekuja wenyewe kunihoji!" Kisha akasema, "Omera, ulitaka nimwambie mama wa watu kwa simu? Mamako ungemwambia hivyo?"

"Ningemwambia."

"Muongo huyo!" dada akasema kutoka jikoni, nasi sote tukacheka. Nikamwomba shemeji anipeleke kabla ya chakula, na anieleze yote tukiwa tumesimama.

Nyumba haikuwapo. Palikuwa na mashimo matatu, na kipande cha msingi chenye urefu wa hatua tisa. Chini ya mteremko wanawake walikuwa wanaosha udongo wa dhahabu, na mmoja alitumia hodhi la kuogea, la chuma, lenye miguu minne iliyochongwa kama ya simba. Nilimuuliza lilitoka wapi.

"Kwa nyumba za wazungu."

"Nyumba gani?"

"Si zilikuwa nyingi? Mimi nimeolewa, nikalikuta."

Nililipiga picha, nikarudi moja kwa moja kwa meneja. Nilimwambia nataka kumweleza mgeni.

"Utamwambia ni la kwao?"

"Nitamwambia sijui."

"Ukimuumiza mara ya pili, siwezi kukutetea."

"Naelewa," nikasema.

Asubuhi nilimkuta bibi yule kwenye kifungua kinywa. Nilimwomba radhi kwanza, kwa kusema nisichokiona. Kisha nikampa yote kwa mpangilio: nyumba haipo, mashimo ni matatu, msingi umebaki kipande, hodhi huenda ni la kwao na huenda si la kwao. Aliisogeza picha karibu na macho.

"Hii, wewe naona kwa macho?"

"Nimeliona na nimeligusa."

"Basi twende."

Safari hii, baada ya kumwarifu meneja, nilikwenda naye. Mwenye hodhi alimtazama, akatazama hodhi, akasema, "Mama, kama umefuata mali yako, ngoja kwanza nimalize mchanga wangu." Nilipomfasiria, bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Akakunja mikono ya blauzi. Niliuliza kama zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, imeshatiwa. Nikaambiwa bado, haya ni maji ya kwanza. Ndipo nikamwacha aingize mikono. Waliosha udongo wakiwa bega kwa bega karibu saa nzima. Mara kwa mara alipitisha kidole chini ya ukingo, kama anayetafuta alama. Kama aliipata, hakusema, nami sikuuliza.

Kesho yake meneja alikuja mwenyewe kwenye dawati langu.

"Hodhi ni la kwao?"

"Hajaniambia."

"Ameongeza siku mbili. Anataka kurudi huko, mwandikie gari." Akageuka kuondoka, akasimama. "Wiki ijayo kuna familia inayotaka kwenda Lambwe kuona twiga, na nasikia mvua imeharibu barabara. Nenda kaiangalie kwanza. Barua yako ya kazi nitaiandika ukirudi."

Niliondoka siku iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa gambuti.