Kofia ya Abiria

Nyumba yetu hapa Matongo inatazamana na kijiwe cha bodaboda, kwa hiyo mambo mengi ya kijiwe nayaona nikiwa nimeketi kwangu. Dereva mmoja pale huvaa kama mtu anayekwenda kurina asali: kofia ngumu inayofunika hadi kidevu, jaketi zito, glovu za ngozi, vikinga magoti na buti. Wenzake huendesha na malapa. Kofia zao huning'inia kwenye saitimira, kile kioo cha pembeni, zikisubiri askari wa barabarani.

Hakuanza hivyo. Kofia yake ya zamani alizoea kuitundika kiwikoni, na ilikuwa kiwikoni siku aliposerereka kwenye mteremko wa kutokea Nyamwaga. Alilazwa muda mrefu. Aliporudi, taya lilikuwa limehama kidogo upande mmoja na sikio la kushoto halisikii. Akaazima pikipiki ya ndugu yake, akaanza upya akiwa na mavazi hayo, na kofia ya pili kwa ajili ya abiria, ambayo mkewe aliishonea kitambaa cha ndani cha kutoa na kufua.

Ungedhani abiria wangemkimbilia. Walimkimbia. Zamu yake ikifika, mtu aliangalia zile buti, akaiangalia kofia anayonyooshewa, akasogea kwa dereva anayefuata. Mchimbaji mmoja aliyetoka Geita kutafuta dhahabu aliniambia bila kuficha, "Yule anajua ataanguka. Mimi sitaki kuwepo." Na sisi Wakurya wenyewe, ambao tunalelewa kutopepesa macho mbele ya maumivu, tuliona kofia ile ni namna ya kupepesa.

"Mura, mwezini utafika lini?" wenzake walimuuliza, wakimwita kijana kwa Kikurya, kana kwamba amevaa nguo za kwenda angani.

"Nikipata abiria," alijibu. Akaendelea kukaa juani na jaketi lake. Siku nyingine jua lilizama hajabeba mtu, na nyumbani watoto walikuwa wakimsubiri. Hakulivua. Nimeona watu wengi wakiwa jasiri kwa muda mfupi, mbele ya umati unaowashangilia. Ujasiri wa kuchekwa kila asubuhi nimeuona kwake tu.

Siku mama yangu alipotaka kwenda Nyambureti kumwona mjukuu aliyezaliwa, zamu ilikuwa ya dereva huyo. Mimi nilipanda pikipiki nyingine pamoja na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, mama. Vaa hii."

"Marahaba. Hiyo nitaivalia wapi, juu ya kilemba?"

"Kilemba kiweke mfukoni, mama. Bila kofia siwashi."

Kijiwe kizima kilicheka. Mama, ambaye hapendi kucheka baada ya wengine, akamuuliza kwa sauti, "Wewe kijana, ulitahiriwa kweli, au ulikimbia?"

"Nilitahiriwa, mama, na sikupepesa. Lakini yule mwenye kisu alijua pa kuishia. Barabara haijui."

Mama akafungua kilemba.

Tulivuka Mto Mara salama. Ng'ambo ya pili, lori lililotupita lilitimua vumbi, na ndani ya vumbi lile kulikuwa na ng'ombe wakivuka barabara. Nilikuwa nyuma ya mama na dereva wake, nikaona taa ya breki ikiwaka, tairi la mbele likikosa mshiko kwenye kokoto, pikipiki ikilala. Dereva aliburutwa kwa kifua na magoti. Mama alirushwa pembeni, na kichwa chake kikagonga ukingo wa kalavati. Mlio ule niliusikia nikiwa bado juu ya pikipiki.

Mchungaji wa wale ng'ombe ndiye aliyemfikia kwanza. Nilipofika, mama alikuwa ameketi, mkono mmoja umepinda vibaya, anamfokea mchungaji kwa Kikurya kuhusu ng'ombe wake. Sijawahi kufurahia matusi kiasi kile. Kofia ilikuwa imepasuka kuanzia utosini hadi karibu na sikio. Jaketi la dereva lilichanika kifuani na kwenye kiwiko, glovu moja ikatoboka, na chini ya vile vikinga magoti, magoti yalikuwa mazima. Bega ndilo lililovunjika.

Hospitalini, daktari aliishika ile kofia kabla ya kuushika mkono wa mama. Akapitisha kidole kwenye ufa. "Ufa huu ulikuwa wa kichwa chako," alimwambia mama.

Kijiweni habari ilipokelewa kwa namna nyingine. "Si tulisema? Amevaa yote, na ameanguka." Bega lilipopona akarudi, akiwa na kofia mpya ya abiria, na watu wakamkwepa kuliko mwanzo. Niliona kwamba safari hii angeshindwa. Mkewe alikwisha kumwambia atafute kibarua shambani.

Mama alipofunguliwa plasta alitaka tena kwenda Nyambureti. Nilimsindikiza hadi barabarani. Dereva wa kwanza kwenye foleni, mmoja wa wale waliokuwa wakimuuliza mwenzao habari za mwezini, aliwasha pikipiki upesi.

"Karibu, mama."

"Kofia ya abiria iko wapi?"

Alichomoa ile ya kwenye saitimira. Mama aliigeuza, akavuta mkanda wake, ukabaki mkononi mwake. Akamrudishia vyote viwili, akaanza kutembea kuelekea mwisho wa foleni.

"Mama, zamu ni yangu," dereva alilalamika.

"Zamu ni yako. Kichwa ni changu."

Hakuna aliyecheka. Yule wa mwisho, mwenye jaketi na buti, alishuka kwenye pikipiki yake, akampa mama kofia kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa kitu. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri usafiri wa gulioni walitazama. Mmoja wao akamuuliza dereva huyo, kabla hajaondoka, atachukua muda gani kurudi.