Gari la Kaka Salim, Kutoka Kikima Hadi Nuu

Sababu ya safari hii ni mguu wa kulia wa kaka yangu. Nasema mapema ili mtu asidhani nilikwenda kutembea.

Kaka Salim ni mfanyabiashara wa mifugo kule Nuu. Mimi nina duka la vitambaa Mwingi. Watu hutuita Waswahili kwa kuwa babu yetu alitoka pwani, ingawa Kikamba tunakijua kuliko hiyo pwani yenyewe. Ijumaa, baada ya swala, Salim alinipigia simu akanieleza kwamba mguu utakatwa Alhamisi, katika hospitali moja mjini Kitui. Alikuwa na kisukari. Mwiba wa mgunga ulipenya akala zake, zile ndara za mpira wa tairi, mnadani, yeye hakuhisi chochote, na kidonda kikala ndani kwa ndani mpaka kikafika kifundoni.

"Sasa nisikilize, mdogo wangu," akasema. "Lile gari la Kikima bado linauzwa. Nataka kuliendesha kabla ya Alhamisi. Kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi. Basi."

Nililijua gari analolisema. Gari la spoti, jekundu, viti viwili, na taa zinazoinuka kwenye boneti ukiziwasha. Tulipokuwa vijana mwalimu mmoja alipita nalo Mwingi, na Salim akalikimbilia barabarani mpaka vumbi likammeza. Tangu siku hiyo hakuacha kulitaja. Mwaka huu mwalimu alifariki, na Salim akawa amekwisha kuuza ng'ombe wake.

"Lakini usilete moja kwa moja," akaongeza. "Pitia Kambu kwa Fundi Kioko. Gari limekaa miaka. Kitu kilichokaa kinaharibika kimya kimya."

Nikamwambia sawa. Sikumwambia kwamba siku ya Idi niliuona mguu ule. Kidole kilikuwa kimefungwa kitambaa. Nilimuuliza kuna nini, akasema ni mwiba tu, nami nikasema pole na kuendelea na pilau yangu.

Jumamosi, saa nane mchana, nilifika Kikima. Ukungu ulikuwa umefunika milima ya Mbooni na kulikuwa na baridi ya kukera. Mjane wa mwalimu, Mama Nduku, alinipeleka nyuma ya nyumba akaondoa turubai. Gari liling'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Hii gari ilikuwa inaoshwa kuliko sisi," akasema, wala hakucheka. "Kila Jumamosi anawasha, anasikiliza, anazima. Miaka ya mwisho hakuna mahali ilikuwa inaenda."

Aliliwasha mwenyewe, na injini ikaitika mara ya kwanza. Nikadhani kazi imekwisha. Tulipomaliza karatasi akanishika mkono.

"Baba, ukifika ile kona usipige honi. Yeye zamani alikuwa anapiga honi hapo akirudi. Nikisikia nitaenda kuchemsha chai."

Sikupiga honi. Nilishuka mlima ule gia ya pili, mikono imelowa jasho, maana kanyagio la breki lilikuwa likizama kila kona. Nililala Wote, kwa jamaa.

Jumapili, saa nne asubuhi, niliingia barabara kuu ya Mombasa pale Makindu, na malori yakawa yananipita kwa hasira. Kambu nilifika mshale wa joto ukikaribia alama nyekundu. Gereji ya Kioko ni mabati manne na mwarobaini mmoja, nyuma ya wauzaji wa vitunguu. Mwenyewe ni mzee mfupi, vidole vyeusi, sauti ya chini.

"Aiya! Umeshuka Mbooni na hii?" akaniuliza. "Ulikuwa umeaga watu wako?"

Alifungulia maji ya rejeta yakatoka rangi ya chai ya rangi. Akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Chumvi. Huyu mwalimu alikuwa akishuka huku chini anajaza maji ya kisima. Chuma yote huko ndani imekuliwa."

Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Aliingiza mkono kwenye injini, akafumba macho, akaanza kubonyeza mipira ya maji mmoja baada ya mwingine, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza kwa nini anafumba macho.

"Macho inadanganywa na hii kung'aa," akasema. "Mpira hausemi unaumwa, mzee. Lazima uushike. Bonyeza hapa."

Nikabonyeza. Kwa nje mpira ulikuwa mzima, mweusi, safi. Ndani ulikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Akanionyesha tairi. Kashata, yale meno ya kukanyagia, zilikuwa zimejaa, lakini ubavuni kulikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino cha mkulima. Mafuta ya breki yalikuwa meusi. Mkanda wa taimingi, ule unaozungusha injini kwa ndani, alisema hauna ubaya wowote wa kuonekana, ila umezeeka, na siku ukikatika hautapiga kelele kwanza, utaua injini hapo hapo. Kila alichogusa mimi nilikiona kizima, na kila alichogusa alisema kitolewe.

"Badilisha breki tu, niende," nikamwambia. "Nina haraka ya mgonjwa."

"Hapana. Nikikupa hii gari hivi, nitakuwa nimekuua Mutomo. Vipuri vinatoka Nairobi kesho. Jumanne jioni iko tayari."

Tukabishana, nikapandisha sauti mpaka wauza vitunguu wakageuka kutazama. Mwisho nikampigia Salim ili amlazimishe. Wakaongea Kikamba, kisha Kioko akanirudishia simu.

"Mwache amalize," Salim akasema. "Asiache kitu hata kimoja. Jumatano itanitosha."

Jumatatu na Jumanne nilikaa chini ya mwarobaini, nikinywa maji ya chupa na kuhesabu malori. Vipuri vilikuja. Kioko alifunga mkanda mpya, mipira mipya, tairi nne, akasafisha rejeta mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Jumanne mchana nilimpigia Salim simu, akapokea shemeji yangu Zuhura.

"Amelala tena," akasema. "Ameamka vizuri. Wewe njoo polepole, shemeji."

Nikashukuru Mungu. Sauti yake ilikuwa na kitu, lakini mimi nilikuwa natazama rejeta.

Jumatano, kabla ya jua kuchomoza, Kioko alinikabidhi ufunguo. Nikamshukuru kwa Kikamba, ni muvea muno. Akanijibu kwamba shukrani nimpe nikifika. Nilirudi hadi Kibwezi, nikakata kulia, nikavuka mto Athi, nikapanda Ikutha hadi Mutomo kwenye lami tupu. Niseme ukweli, nilifurahi. Gari lilikwenda kama kitambaa cha hariri kinavyoteleza mezani. Mshale wa joto haukusogea hata kidogo. Nilijiona nimemfanyia kaka yangu jambo la maana maishani mwangu, na nikawa naongea peke yangu kama mwehu.

Kabla ya adhuhuri nilipita Kitui mjini. Nilipunguza mwendo kwa ajili ya matuta yaliyo mbele ya lango la hospitali, nikayavuka taratibu nisikwaruze tumbo la gari, nikaendelea.

Saa tisa alasiri niliingia Nuu, nikipiga honi tangu sokoni. Watoto wa jirani walikimbia kando yangu wakishangilia. Uani kwa Salim alitoka binti yake mkubwa, Halima, peke yake, mikono imejaa unga.

"Baba mdogo," akasema, akasimama.

"Baba yako yuko wapi? Mwambie avae viatu."

Akaanza kulia. "Walimpeleka hospitali Kitui Jumatatu jioni. Homa ilipanda. Jana asubuhi wamemkata, juu ya goti."

"Jana? Mbona hamkuniambia?"

"Alikataa. Alisema ukijua utalikimbiza gari na halijamalizwa."

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi, mgongo kwenye tairi mpya. Nilikuwa nimempita. Nilipita mbele ya lango lake nikiwaza tumbo la gari. Nililia bila aibu, na watoto wakarudi kwao mmoja mmoja.

Jumapili moja asubuhi, wiki tatu baada ya hapo, Salim alikuwa amerudi nyumbani. Amekonda. Alitoka uani kwa magongo, akalizunguka gari lote, kisha akaniamuru nimfungulie upande wa dereva. Nilimwingiza kwa taabu, mimi nikakaa pembeni. Akawasha, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kioko alibadilisha vyote?"

"Vyote."

"Hata ambavyo havijaharibika?"

"Navyo pia."

Akakanyaga klachi kwa mguu wa kushoto akaukaza hapo hapo, akaweka gia ya kwanza. Akangoja kidogo. Ya pili. Ya tatu. Mikono yake ilizunguka usukani taratibu kwenye kona anazozijua, na gari lilikuwa limesimama palepale, kuku wanapita mbele yake.

"Tumefika sokoni," akasema. "Nageuza."

Akaweka ya nyuma, kisha ya kwanza tena, akatuleta mpaka nyumbani. Akazima. Uso wake ulikuwa umelowa, na mimi sikumtazama sana.

Nilishuka, nikaenda upande wake, nikafungua mlango na kupiga magoti kwenye vumbi. Nikaushika mguu wa kushoto, nikavua ndara.

"Wewe, unafanya nini? Mguu huo ni mzima."

"Najua."

"Hauniumi hata kidogo!"

"Ndiyo maana, kaka. Nyamaza."

Nikafumba macho. Nikaanza kisiginoni, nikabonyeza kidogo kidogo, nikaja unyayoni, nikapita kila kidole na katikati ya kila kidole. Sasa kila Jumapili nafunga duka, naendesha gari lile hadi Nuu, nafanya hivyo. Yeye hutukana mpaka nimalize, kisha huniuliza kama maji ya rejeta nimeyaangalia.