Safari ya Kumpongeza Baba

Nyumbani walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, na jina hilo lilimganda hata alipokuwa binti mrefu wa mwaka wa pili chuoni, anayebeba fito za kupimia ardhi begani na kukatiza mashamba ya watu kwa mabuti. Chuo kilikuwa mbali na kwao, safari ya kutwa nzima kwa basi, kwa hiyo habari za nyumbani alizipata kwa simu. Na simu za mama yake zilikuwa za aina moja tu: sisi wazima, baba yako anakusalimu, wewe soma.

Ni kwa simu hiyohiyo alipata kusikia kwamba Baba amestaafu. Baba alikuwa mhudumu wa hotelini tangu ujana wake. Hakuwa meneja wala mpishi. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni, kuwavutia viti, kuwauliza watakula nini na kuwaletea. Wenzake walimbandika jina la Bwana Sinia, maana alipita katikati ya meza zilizojaa akiwa na sinia la vikombe kiganjani, mguu mwepesi kama anacheza, na chai haimwagiki hata tone. Tena hakuwa mtu wa kuandika. Meza nzima ingemwagiza, huyu apunguziwe chumvi, yule asiwekewe pilipili, mtoto aletewe kikombe kisichovunjika, naye akaitikia kwa kichwa tu, na kila kitu kikamfikia mwenyewe.

Mama alisema miguu ndiyo iliyomtoa kazini. Kitinda aliamini. Miguu ya mtu aliyesimama maisha yake yote ina haki ya kuchoka.

Wazo la safari lilikuwa la Kaka. Huyu alikuwa fundi umeme, mwenye gari la kazi lenye ngazi juu ya paa, mtu wa mbio mbio ambaye nyumbani kwa wazazi alipita kama upepo, akanywa chai kwa kusimama, akaondoka. Alisema Mzee amelisha watu miaka nenda miaka rudi, sasa zamu yake alishwe. Wangempitia Kitinda chuoni akimaliza mitihani, kisha waende mpaka mji ule ambako Baba alianzia kazi, na njia nzima wale hotelini. Mama asiguse mwiko wala Baba asiguse sahani. Mama alitafuta kila sababu. Mbali, alisema. Miguu ya baba yenu. Chakula cha njiani kitamdhuru. Kaka alizikata zote moja moja, akidhani mama yake anaona uchungu wa gharama.

Walilala njiani, na walipofika chuoni asubuhi Kitinda alimkuta Baba ameketi mbele kwenye gari, amevaa shati jeupe na suruali nyeusi, nguo za kazi. Mama alimnong'oneza kwamba alikuwa amempigia pasi nguo nyingine kabisa, lakini Mzee amezikataa katakata. Kitinda akacheka. Baba yake alikuwa mtu nadhifu siku zote.

Mchana wa siku hiyo waliingia kwenye mkahawa kando ya barabara kuu, wa viti vya plastiki na feni iliyolia kama kuku anayetaga. Baba alikuwa na furaha isiyo na kifani. Alimfuata kwa macho kijana aliyekuwa akihudumu, kila hatua yake, kisha akainama mezani na kuwaambia kwa sauti ya chini kwamba kijana amechovya kidole gumba kwenye supu ya Kaka, na wenye mkahawa wasipokuwa waungwana, watawatoza na nyama ya kidole. Kitinda alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Baba aliagiza samaki na wali, akala vizuri, akabakiza mifupa mitupu iliyopangwa pembeni mwa sahani.

Kisha akamwita yule kijana. Akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona samaki wangu haji?"

Kaka alipiga meza kwa kicheko. Kijana naye akacheka, akijua ni utani wa mzee. Mama peke yake hakucheka. Aliivuta ile sahani ya mifupa upande wake, akaifunika kwa karatasi ya kufutia mikono, akamwagizia mumewe chai. Kitinda aliliona hilo, akalipuuza. Alidhani Mama amechoshwa na gari.

Jioni waliufikia ule mji, wakala chakula kwenye nyumba ya wageni walikofikia. Huko chakula kiliandikwa kwenye menyu ndefu yenye jalada gumu. Baba aliishika menyu, akaigeuza, akaigeuza tena, akasema miwani ameisahau nyumbani. Kitinda aliiona miwani ndani ya mfuko wa shati lake. Alipofungua mdomo amwambie, mguu wa Mama ulimkanyaga chini ya meza, ukakaa hapohapo.

"Atakula ninachokula mimi," Mama akamwambia mhudumu.

Kaka alikuwa ameinuka kupokea simu ya kazini. Baba akamgeukia Kitinda, akamuuliza yuko darasa la ngapi siku hizi. Akamjibu kwamba yuko chuoni, anasomea upimaji ardhi. Baba akasema vizuri sana, vizuri sana. Sahani zilipoletwa akamuuliza tena, kwa shauku ileile, kama baba aliyerudi safari leo. Kitinda akamjibu tena tangu mwanzo, kama mtu anayeulizwa kwa mara ya kwanza. Alijaribu kumtazama mama yake usoni. Mama alikuwa anachambua miba ya samaki kutoka kwenye sahani ya Baba, na hakuinua kichwa. Kuanzia hapo Kitinda alitafuna tu. Ladha ilikwisha mdomoni.

Sherehe yenyewe ilikuwa kesho yake mchana. Kaka alikuwa ameagiza meza ya dirishani kwenye mkahawa mkubwa wenye vitambaa vyeupe mezani, na keki iliyoandikwa "Hongera Baba". Palikuwa pamefurika. Kabla chakula hakijafika Baba akasema anakwenda kunawa mikono. Mama akataka kumfuata, Kaka akamzuia. Mwache bwana, si mtoto.

Baba hakurudi upesi. Kitinda aligeuka kumtafuta, akamwona karibu na mlango wa jikoni, mbele ya meza ya watu wasiowajua. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa kwenye mkono wake wa kushoto. Mgongo umenyooka, kichwa kimeinama kidogo, anasikiliza. Shati lake jeupe na suruali nyeusi havikuwa na tofauti na vya wafanyakazi wa pale, na wale wageni walikuwa wanamwagiza. Akaitikia kwa kichwa, akaenda meza ya pili, akakusanya sahani chafu kwa mkono mmoja zikapandana mpaka kwenye kiwiko, akapita katikati ya viti bila kumgusa mtu. Miguu ile haikuwa na kasoro yoyote.

Kaka alitabasamu kwanza. Akasema Mzee anatutania. Kisha tabasamu likamwishia taratibu, akasimama.

Pale meza ya kwanza alikorudi, mtu mmoja alikuwa ameanza kukereka. "Mzee, mimi nimekuagiza kuku. Mbona unaniletea sahani chafu?"

Baba alizitazama sahani zilizo mkononi mwake. Akamtazama yule mtu. Midomo yake ilicheza, akitafuta jibu, na jibu halikuja, na Kitinda tangu azaliwe hakuwahi kumwona baba yake akikosa la kumwambia mgeni. Kaka akawa amefika, amemshika mkono. Baba akauchomoa. "Niache. Nina wageni." Watu waliacha kula. Msichana mhudumu wa pale alikuwa amesimama na trei kifuani, hajui acheke au aite bosi wake.

Kitinda alimwomba kaka yake amwachie. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, meza ya jirani, akainua mkono.

"Samahani," akasema. "Hapa bado sijahudumiwa."

Baba akageuka. Akaziweka sahani chini, akanyoosha kitambaa mkononi, na uso wake wote ukarudi mahali pake. Akaja.

"Karibu sana dada. Uko peke yako?"

"Niko na familia yangu. Wako pale dirishani."

"Basi karibuni wote. Ungependa kula nini?"

"Leo kizuri ni kipi?"

Baba akainama karibu, kama anayetoa siri ya jikoni. "Chukua samaki, wa leo asubuhi. Supu achana nayo, imelala."

"Basi niletee samaki."

"Bila pilipili," akasema Baba.

Kitinda hakuwa mla pilipili tangu utotoni. "Umejuaje?"

Baba akafikiri kidogo. "Nina binti yangu, hali pilipili kabisa. Umefanana naye kidogo."

"Yuko wapi?"

"Bado mdogo. Yuko shuleni."

Kitinda alijikaza kisabuni. Alimwomba amsindikize kwenye meza yake, naye akamtangulia, akamvutia kiti pale dirishani kwa heshima zote. Mama akamshika Baba mkono, akamvuta polepole mpaka akaketi. Kwa bahati mbaya ndipo keki ilipotoka, wafanyakazi wameizunguka wanapiga makofi. Baba naye akapiga makofi. Kisha akauliza ni nani anayepongezwa.

Kaka alikuwa na kisu mkononi. Akakiweka mezani.

"Wewe," Mama akamjibu.

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Umefanya kazi. Umemaliza."

Baba akaipokea habari hiyo vizuri. Alikula kipande chake cha keki mpaka makombo, akaomba kingine.

Walipotoka, Baba akiwa amekwisha kuketishwa garini na mlango kufungwa, Mama alisimama nyuma ya gari na watoto wake akamwaga yote. Haikuwa miguu. Bosi wa Baba alimwita Mama ofisini kwa heshima, akamweleza kwamba siku hizi Mzee anapeleka chakula kwenye meza ambazo wageni walishaondoka, na kwamba walimkuta stoo analia kwa kuwa haoni mlango. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na haurudi nyuma. Baba mwenyewe, wakati bado akili inamjia na kumtoka, alimwapisha mkewe asiwaambie watoto, hasa huyu wa chuoni. Kaka aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa gari lake.

Kitinda alipandwa na hasira, na hasira aliyokuwa nayo ilimwendea mama yake. "Ungeniambia, Mama."

"Ungefanya nini? Ungeacha chuo."

Ndivyo ambavyo angefanya. Na alilitaka hilo palepale, akalisema njia nzima ya kurudi, lakini Mama alitazama tu dirishani, na gari liliposimama mlangoni pa chuo, yeye ndiye aliyeshuka na kumtolea binti yake begi.

Hakuacha masomo. Kila likizo alikwenda nyumbani, na kila likizo alikuta Baba amepungua. Siku nyingine Baba alimhudumia mezani, akamwita dada, naye Kitinda akaagiza. Siku nyingine Baba mwenyewe alikuwa mgeni. Alimshukuru Mama kwa chakula, akamsifu, kisha akamuuliza kwa haya anatoka kazini saa ngapi, amsindikize kwao. Mama alimwambia muda si mrefu. Akacheka, akabeba vyombo, akaenda jikoni, na Kitinda alipomfuata alimkuta amesimama tu mbele ya beseni, maji yanamwagika bombani.

Baba alifariki Kitinda akiwa mwaka wa mwisho, yuko porini na wenzake wanapima mipaka. Kaka alimpigia simu, akashindwa kusema, akampa mkewe aseme.

Basi la kurudi lilisimama adhuhuri abiria wapate kula. Kitinda aliingia mkahawani na wengine, kwa kufuata mkumbo tu, akaagiza wali na maharage, akakaa mbele ya sahani mpaka ikapoa. Mama mmoja, mwenye mkahawa, alikuja kumuuliza kama chakula kina kasoro. Akasema hapana, ni kizuri sana. Yule mama akamtazama. Alimfungia vizuri kwenye mfuko, na Kitinda akausahau mfuko huo kwenye kiti cha basi.

Alifika kwao jua limeanza kuinama. Kaka alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa uani kwa ajili ya watu wa msiba. Ndani Mama alikuwa ameketi mkekani katikati ya shangazi na majirani, macho yamemvimba. Alimvuta binti yake kifuani, akamshikilia, na neno lake la kwanza likawa, "Umekula njiani?"

Kitinda akasema amekula.

Mama alimchungulia usoni, akamwomba shangazi mmoja alete sahani. Ilipoletwa aliiweka katikati yao wawili, akamega kwanza yeye, ambaye tangu asubuhi walikuwa wameshindwa kumnywesha hata chai. Wakala kidogo kidogo kutoka sahani moja, huku nje taa ya kwanza ya Kaka ikiwaka.