Saa Nne Amefeli, Saa Saba Ni Burudani

Nyie watu mnaudhi. Kila harusi Tarime mnataka litungu, kile chombo cha nyuzi nane cha Wakurya, mnarekodi, mnaweka status, mnaandika "utamaduni wetu". Mtu akiwauliza huyo anayepiga anaitwa nani, mnaendelea kurekodi. Basi leo mtamjua mmoja, mtake msitake.

Anaitwa Waisiko, mtu wa Machochwe, miaka hamsini na nane. Mihogo yake na ng'ombe wake tuviache. Miaka sita amefundisha litungu kwenye sekondari moja huko Serengeti, vipindi viwili kwa wiki, na wanafunzi wanamwita Tata, yaani baba kwa Kikurya. Mwaka jana mkuu wa shule akamwambia utaratibu umebadilika: asiye na kadi ya chama cha walimu wa muziki, ikifika Januari vipindi vyake vinafutwa.

Mzee akajaza fomu. Kwenye ala waliorodhesha kinanda, gitaa, tarumbeta. Litungu hakuna. Akaliandika pembeni mwa karatasi, herufi kubwa.

Usaili uliwekwa siku ya mkutano wa chama. Alitoka alfajiri, bodaboda mpaka Mugumu, kisha basi la Tarime. Konda alitaka litungu lipande kwenye keria pamoja na magunia. Akagoma, akalipakata njia nzima.

Saa nne, ukumbini, akamkuta katibu wa chama, Thadeo, kijana wa kwaya anayepiga kinanda. Adabu anayo, tusimsingizie. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Halafu akatoa simu, akafungua ile programu ya kupima sauti, akamwomba apige uzi mmoja mmoja. Wa kwanza, mshale ukaenda kwenye nyekundu. Wa pili, nyekundu. Nyuzi zote nane, nyekundu.

"Mzee wangu, chombo chako hakijakaa sawa. Hakiendani na kinanda."

Waisiko akaeleza taratibu kwamba nyuzi za litungu hukazwa kufuata koo la mpigaji. Sauti yake imeshuka na umri, na nyuzi zimeshuka naye. Ndiyo maana darasani mwanafunzi anaimba kwanza, ndipo anakaza. Kinanda hakijawahi kumsikia yeye akiimba, kitajuaje?

"Sasa kila mtu akiwa na yake, hapo unafundisha nini?" Thadeo akauliza. Wenzake wa meza ya usaili wakacheka. Wakaandika: hajafaulu.

Ingeishia hapo, tungesema ni ujinga tu. Lakini saa saba, wali na nyama vimeshapakuliwa, wageni wa mkoa waliokuja mkutanoni wameketi, mwenyekiti wa chama akamfuata mzee nje, akamkuta anafunga litungu kwenye gunia. Akamwambia, huku anatabasamu, kwamba kwenye ratiba kuna burudani, awachangamshe wageni wakati wanakula.

Litungu lilelile. Nyuzi zilezile.

Waisiko akakaza fundo la gunia. "Saa nne nimefeli, mwanangu. Saa saba nimefaulu lini?"

Mwenyekiti akasema asichukulie hivyo, ni dakika kumi tu. Mzee akaondoka bila kula.

Januari vipindi vikafutwa kweli. Jumanne na Alhamisi wanafunzi "wanajisomea", yaani wanapiga soga. Wegesa wa kidato cha tatu, binti aliyekuwa ameshajua sauti yake inakaa wapi, litungu lake limefungiwa stoo na majembe.

Sasa wewe mwalimu mwenye kadi, unayesoma hapa na kujifanya hayakuhusu. Mkutano ujao, ukisikia mpiga litungu ameitwa awapigie mkiwa mnakula, weka kijiko chini. Uliza kwa sauti, mwenyekiti asikie, kadi yake iko wapi. Na usile mpaka ujibiwe.