Sheria za Ayalandi Chini ya Wanale

Nilirudi Jinja kutoka Ayalandi, nilikosoma sheria mwaka mmoja, na madaftari ambayo hakuna aliyeniuliza yana nini. Kwa hiyo Wambi, rafiki yangu wa chuo anayefundisha sheria Mbale, aliponiomba niwaeleze wanafunzi wake wa Jumamosi jinsi mahakama za huko zinavyofanya kazi, nilikubali papo hapo. Alisema mwanafunzi wake mmoja, ofisa wa magereza anayeishi Jinja, angenichukua kwa gari lake.

Tuliondoka Ijumaa alasiri. Afande Opio ni mtu wa kaskazini, mrefu, asiyependa mwendo wa kasi. Mimi ni binti wa wafanyabiashara Waislamu, nimelelewa kwa Kiswahili. Yeye alikipata kazini. Tulipopita Iganga na mashamba ya mpunga kuanza, aliniuliza nchi ya mbali hivyo inatuhusu nini. Nilimjibu kwamba nao walitawaliwa na Waingereza, wakabaki na desturi zao za mahakama kama sisi, kisha wakabadilisha walichotaka. Tukavuka kinamasi.

"Na mtu hasikii Kingereza, huko wanamfanya nini?" aliuliza. "Mimi naona watu wanarudi jela, hawajui jaji alisema nini."

Nilimwomba angoje kesho.

Jumamosi asubuhi mawingu yalikuwa yameficha kilele cha Wanale, mlima ulio kando ya mji wa Mbale. Darasani walikuwa watu wazima watupu. Nilipowaambia kwamba kule Bunge peke yake haliwezi kubadilisha hata neno moja la katiba, mpaka wananchi wapige kura, kalamu zilisimama. Tukaja kwenye jopo: raia kumi na wawili wa kawaida wanaoamua, katika makosa makubwa, kama mshtakiwa ana hatia. Mmoja alitaka kujua kama hata muuza samaki anaweza kuamua kesi ya mauaji. Nikasema anaweza.

Mchana tuliigiza kesi. Wambi alikuwa jaji, wanafunzi kumi na wawili wakawa jopo, na Opio akashtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Alisimama akajitetea kwa Kiswahili.

"Pikipiki nilichukua, bwana jaji. Lakini mimi sikuiba. Mwenyewe alinipa nipeleke mgonjwa."

Darasa lilicheka. Kwa wengi huku, Kiswahili bado ni lugha ya mabuti ya askari wa enzi za udikteta. Kijana aliyekuwa mwendesha mashtaka akamwambia jaji kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa amekiri. Wambi, asiyejua Kiswahili, akaandika.

Nilisimamisha kesi. Niliwaeleza kwamba katiba ya Ayalandi inakitaja Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza, ingawa wengi wao huzungumza Kiingereza siku zote. Anayetaka kujieleza kwa Kiayalandi mahakamani ana haki hiyo. Jaji asipokielewa, mkalimani hutafutwa. Nikauliza nani atakuwa mkalimani wetu.

Nafuna, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alitoka kwenye jopo akasimama kando ya Opio. Alimtaka arudie, akamfikishia jaji kila neno, polepole. Halafu akamgeukia yule kijana.

"Hakukiri," alisema kwa Kiswahili. "Amesema alichukua. Hakusema aliiba."

Mwingine aliingia kwenye jopo badala yake. Walibishana mpaka saa kumi: tisa walimwachilia, watatu walikataa. Kwa kuwa sheria ya huko inataka angalau kumi wakubaliane, kesi haikuamuliwa.

Jioni Nafuna alitualika chai nyumbani kwake, chini ya mlima. Nilimuuliza alijifunzia wapi Kiswahili. Alimtazama Opio kidogo kabla ya kujibu. Akiwa na miaka minane, alisema, askari walikuja kumchukua baba yake. Mama hakuelewa lugha yao, lakini yeye Nafuna alikuwa ameiokota kwa watoto wa sokoni.

"Mimi ndiye nilimwambia mama maneno yao. Walisema baba avae viatu, atarudi kesho."

Hakurudi. Tangu hapo Nafuna hakutamka Kiswahili mbele ya mtu, hadi mchana ule. Opio aliweka kikombe chini, akamuuliza jina la baba yake. Alipolisikia, alilirudia taratibu, lote.

Jumapili tulirudi Jinja. Huko Ayalandi nilisoma haki ya kupata mkalimani kama kifungu kimoja, nikaipigia mstari na kufungua ukurasa mwingine. Sikuwahi kumfikiria mkalimani mwenyewe, anayebaki na maneno ya wengine mdomoni hata yakiwa ya uongo.

Wiki iliyofuata Wambi alinipigia simu. Nafuna alikuwa ameandika barua mahakamani akiomba kazi ya ukalimani, na penye kutaja lugha anazozijua alikuwa ametanguliza Kiswahili.