Santuri ya Mama Furaha

Nitukaneni kwanza, halafu msome.

Mnajua nakusanya gramafoni na santuri za zamani. Leo asubuhi nilikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa Mama Furaha, mjane kutoka Kongo. Alikuwa na santuri moja tu, yenye sauti ya marehemu mumewe. Nikambembeleza mpaka akanipa, nami nikampa taa ya sola.

Akaomba aisikie mara ya mwisho kwenye gramafoni niliyokuja nayo.

Nikakataa! Ilikuwa ya kujirekodia, na santuri za aina ile, kila ukizipiga, sindano inazila. Hata mimi sikuisikiliza.

Nilipofika Lodwar nikaiacha kwenye kiti cha gari, nikaingia hotelini kula. Jua letu mnalijua. Niliikuta imejikunja kama chapati.

Saa kumi simu ikalia.

"Mwanangu, weka kidogo karibu na simu, nisikie."

Ningemwambia nini? Nikaweka santuri nyingine, mwanamume akiimba na gita.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ile yetu haina wimbo," akasema polepole. "Bwana yangu alitaja tu majina ya batoto betu benye tulizika."

Kisha akaniuliza kama nilifika salama.